Mathari Mbili

Kwetu Gatitu, siku huanza na maziwa. Asubuhi mlima ukiwa bado wazi, Mama Wambugu hufika getini na mtungi wake. Jina lake ni Watiri, lakini hakuna anayemwita hivyo tangu alipompata kifungua mimba wake, Wambugu. Mama yangu, Keziah, hutoka na sufuria. Wanasalimiana, wanalalamika juu ya mvua, na mvua isipokuwepo wanalalamika juu ya jua. Kisha kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Mama hushona sare za shule pale sebuleni.

Baba yangu anaitwa Masinde. Ni polisi. Alitoka Bungoma akaletwa Nyeri kikazi, na mpaka leo husema kwamba baridi ya huku haijamzoea. Mimi ni Shirleen, na baridi hii ndiyo ninayoijua. Nilizaliwa hapa Nyeri, katika hospitali ya misheni ya Mathari. Watu wa Nyeri wote wanaijua Mathari. Mkono ukivunjika, unapelekwa Mathari. Mtoto akihara, anapelekwa Mathari. Shika jina hilo vizuri, maana ndilo lililonichanganya kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilikuwa kidato cha tatu mambo yalipoanza. Kwanza usingizi ulinikimbia. Nililala macho wazi, na asubuhi nilienda shule kichwa kikiwa kizito. Kisha nikaanza kumsikia mwanamke. Hakuongea nami. Alikuwa akimweleza mtu mwingine kila ninachofanya. "Sasa anavaa soksi," alisema. "Sasa anajifanya anasoma."

Niligeuka, sikuona mtu. Nilimuuliza mama kama redio inaongea. Mama aliniambia stima zimepotea tangu asubuhi. Nilishindwa kuelewa. Sauti ile ilikuwa wazi kabisa, wazi sawa na ya mama aliyesimama mbele yangu.

Darasani, wenzangu wakicheka, nilijua wananicheka mimi. Mwalimu akiandika ubaoni, nilijua anaandika juu yangu. Niliacha kuoga kwa sababu sauti ilinisema hata bafuni. Siku moja niliona povu juu ya maziwa ya Mama Wambugu, nikajua ameweka kitu. Nikamwaga chai yangu. Nikamwaga na ya baba pia, ili asife. Baba hakunishukuru.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba ni polisi, na kwake kila jambo lina mshukiwa. Alinusa sweta yangu akitafuta bangi. Alipekua mkoba wangu akitafuta mvulana. Mama alisema ni mawazo ya mtihani. Kanisani waliniombea, wakaniwekea mikono kichwani. Walikuwa na nia njema. Lakini sauti ikasema wanapima kichwa changu wajue pa kukipasulia, nikapiga mayowe hadi ibada ikasimama. Kuanzia Jumapili hiyo, watu wakawa wanatusalimia haraka haraka na kupita.

Ni Mama Wambugu pekee aliyebaki getini. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamvuta mama kando. Nilimsikia vizuri, na hiyo haikuwa sauti ya ugonjwa.

"Mama Shirleen, mimi nakuambia kama rafiki. Huyu mtoto mweke ndani. Watu wakijua, hiyo jina ya wazimu haitoki. Hata akipona, ataitwa tu hivyo."

Mama akatikisa kichwa akilia. Wakati huo hatukujiuliza Mama Wambugu alijulia wapi mambo ya kumweka mtu ndani. Mwanawe, Wambugu, alikuwa mtu mzima, na tulijua amepata kazi Nanyuki. Ndivyo mama yake alivyotuambia.

Siku moja adhuhuri nilitoka mbio bila viatu, nikikimbia ile sauti, nikafika hadi barabara kubwa. Lori lilipiga breki, dereva akanitukana. Hapo mama akasema imetosha. Alinipeleka kwa daktari mjini Nyeri. Daktari aliniuliza maswali kwa upole, kisha akazungumza na wazazi wangu faraghani. Aliwaeleza kwamba nina ugonjwa wa akili, kwamba unatibika, na kwamba kwa umri wangu na hali yangu ni vizuri nilazwe katika wodi ya vijana huko Nairobi. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Sikusikia hata neno moja.

Kesho yake baba akaniambia, "Shirleen, vaa sweta. Tunaenda Mathari."

Nilifurahi. Mathari naijua. Nilivaa sweta, nikaingia mwenyewe katika gari aliloazima baba kwa mwenzake wa kazini. Mama alikaa nami nyuma akinishika mkono. Tulipofika barabarani, nilingoja gari ligeuke kuelekea mjini, maana huko ndiko njia ya Mathari. Gari likageukia upande wa Karatina.

Nilimwambia baba tumekosea njia.

"Hatujakosea," alisema, akitazama mbele.

"Mathari iko huku nyuma."

"Tunaenda Mathari, Shirleen. Tulia."

Tulipita Karatina. Tukapita Sagana. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa lile lile, tunaenda Mathari, na kila alipolitoa, Mathari ilizidi kubaki nyuma yetu. Mama alikuwa akifuta machozi kwa kona ya leso. Nilihisi akili yangu inakatika. Sauti ikasema, kwa furaha, "Unaona? Hata jina la hospitali wameliiba."

Tulifika mahali penye majengo mengi na watu wengi. Wakachukua simu yangu, kamba za viatu vyangu na kitambaa cha kichwa. Mhudumu alinieleza kwamba ni kwa usalama wa kila mtu wodini, lakini mimi nilisikia tu kwamba ninaporwa. Mama alinikumbatia. Baba alinipigia saluti, jinsi alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Kisha wakaondoka, nikabaki.

Wodi yenyewe ilikuwa safi. Vitanda vilipangwa, na kila kimoja kilikuwa na blanketi. Wasichana wa rika langu walikuwa wamekaa, mmoja akisuka mwenzake. Sikuwaangalia sana. Asubuhi nilikwenda dirishani kutafuta mlima. Nyumbani, ukiamka mapema, mlima uko pale pale, na theluji yake. Hapa niliona ukuta, mti mmoja, na anga ya kijivu. Nilizunguka madirisha yote, mlima sikuuona.

Nikafikiri, wameficha mlima. Leo naweza kucheka nikikumbuka. Siku hiyo niliogopa hata kupumua.

Aliyenikuta hapo dirishani ni muuguzi. Aliitwa Sista Mutanu, mwenyeji wa Kitui, mwanamke mwenye sauti ya chini. Nilimuuliza hapa ni wapi.

"Hapa ni Mathari, Shirleen."

"Si kweli. Mathari iko Nyeri. Mimi nilizaliwa Mathari."

"Ulizaliwa Mathari?"

"Ndiyo. Kwa masista wa misheni. Nyeri."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, vile mtu mzima anavyokubaliana na mtoto mdogo anayesema ameona simba jikoni. Aliniambia tutaongea nikishapumzika. Baadaye daktari alikuja akaniuliza maswali. Leo ni siku gani? Uko mji gani? Hii ni hospitali gani? Nilimjibu kwamba wanasema ni Mathari, lakini Mathari iko Nyeri, na mimi naijua tangu kuzaliwa. Daktari na Sista Mutanu wakatazamana. Niliyaona macho yao. Nikajua hawaniamini hata kidogo.

Basi na mimi nikakata shauri kutowaamini.

Dawa zilikuja kwenye kikombe kidogo. Nilitia kidonge mdomoni, nikakisukuma chini ya ulimi, nikanywa maji, nikafungua mdomo wakakagua. Walipoondoka nilikitema na kukificha katika mshono wa godoro. Nikafanya hivyo tena na tena. Sauti ilinisifu. Usingizi haukuja, na chakula nilikitazama tu. Wenzangu walikuwa wakipata nafuu, mimi nilikuwa nikizidi kuzama, na hakuna aliyejua kwa nini.

Aliyejua alikuwa wa kitanda cha pili. Aliitwa Nyawira, msichana kutoka Kangema, kwenye mashamba ya majani chai. Jioni moja alikuja akakaa kando yangu.

"We msee, mimi nimekuona," alisema. "Hiyo dawa unapea godoro. Na godoro si mgonjwa."

Nilimwambia asiseme. Akasema hatasema, lakini ataniuliza tu kwa nini. Aliniambia kwamba yeye alikuja akiwa amejaa huzuni, hata kutoka kitandani hawezi, chakula hakipiti. "Nilikuwa sitaki kitu yoyote. Sasa hivi mimi nataka kula chapo, nataka kurudi shule, nataka hadi kugombana na brathe yangu. Ni hizo dawa na kuongea na wasee wa hapa. Sasa wewe shida yako ni gani?"

"Wamenidanganya."

"Wamekudanganya nini?"

"Wanasema hapa ni Mathari."

Nyawira akashangaa. "Kwani si ni Mathari?"

Na wewe pia, nikafikiri. Nilijifunika blanketi kichwani, nikalia. Kilichoniuma si kwamba niko hospitali. Kilichoniuma ni kwamba sikujua tena lipi ni kweli. Sauti ilisema watu wote wananidanganya, na jambo moja nililoweza kulipima mwenyewe, yaani jina la hospitali niliyozaliwa, lilionyesha kwamba sauti inasema kweli. Ningemezaje dawa ya watu wa namna hiyo?

Siku ya wageni ilipofika, wazazi wangu walikuja. Kabla ya kuniona, walikaa na Sista Mutanu. Mama alinisimulia baadaye mazungumzo yao. Sista aliwaambia kwamba nafuu inachelewa, na kwamba bado nimechanganyikiwa sana, hata mahali nilipo sipajui. Akatoa mfano. Akasema mtoto anasisitiza kwamba Mathari iko Nyeri na kwamba alizaliwa huko.

Baba akavua kofia yake ya polisi. Mama ndiye aliyejibu.

"Sista, hiyo si ugonjwa. Hiyo ni kweli. Nilimzaa Mathari. Iko Nyeri, ni ya misheni."

Sista Mutanu ni mtu wa Kitui, amefanya kazi Nairobi miaka mingi. Hakuwa amewahi kusikia kuna Mathari nyingine duniani. Baba yangu naye, ingawa anaijua ya Nyeri, ni mtu wa Bungoma. Kwao, tangu utotoni, Mathari ni moja tu, ile ya Nairobi, ya wagonjwa wa akili. Mtu akifanya upuuzi huko kwao anatishiwa kupelekwa Mathari. Lakini mtoto wa Nyeri ukimwambia Mathari, anaona masista na chanjo na mkono uliovunjika.

Mama akaendelea kumsimulia Sista. Kumbe hata nyumbani jina hilo lilikuwa limezua kizaazaa. Majirani walipouliza niko wapi, mama alijibu, "Yuko Mathari," akaachia hapo. Hakusema uongo. Lakini Mama Wambugu alipika uji, akautia katika thamosi, akaenda nao Mathari ya Nyeri. Alizunguka wodi zote akinitafuta. Aliporudi na uji wake, mama alimwambia labda nimehamishwa. Mama alisimulia akianza kwa kucheka na kumaliza kwa kulia.

Sista akamgeukia baba. Alimuuliza, siku ya kuja, mtoto aliambiwa anapelekwa wapi.

Baba akazungusha kofia mkononi. "Nilijua anafikiria ile yetu ya Nyeri," alisema. "Lakini niliona anaingia kwa gari bila matata. Nikanyamaza."

"Afande," Sista Mutanu akamwambia, "mtu ambaye akili yake inamdanganya anahitaji watu ambao hawamdanganyi. Akikushika kwa uongo mmoja, hataamini hata dawa. Na mimi pia nimemkosea, kwa sababu alisema ukweli nikaona ni ugonjwa."

Alikuja akanikuta uani, kwenye benchi. Hakusimama mbele yangu. Alikaa kando.

"Shirleen, nimekuja kukuomba msamaha. Ulisema Mathari iko Nyeri, nami sikukuamini. Ni kweli iko Nyeri. Mathari ziko mbili. Ile uliyozaliwa ni ya misheni, Nyeri. Hii ni ya serikali, na iko Nairobi. Uko Nairobi, na hapa tunatibu magonjwa ya akili. Ulipaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuingia kwenye gari."

Nilimtazama.

"Na mlima?" nikauliza.

"Mlima gani?"

"Mlima mmeuficha wapi?"

Hakucheka. Ningemwona akicheka, nadhani ningeinuka na kuondoka. "Mlima uko mahali pake," alisema. "Sisi ndio tuko mbali nao."

Nililia. Nilikuwa na furaha na hasira pamoja, na nilikuwa nimechoka. Kwa muda mrefu nilitaka mtu mmoja tu aniambie, hapo hukukosea. Sista alinipa karatasi ya kufutia pua, akangoja. Kisha nikamwambia habari za yule mwanamke anayenisema. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale.

Sista alisema yeye hamsikii huyo mwanamke. "Lakini naamini wewe unamsikia. Ubongo ni kiungo cha mwili, na unaweza kuugua jinsi moyo au figo zinavyougua. Ukiugua hivi, unatengeneza sauti ambayo haipo, na wewe unaisikia sawa sawa na yangu. Si laana, na si dhambi ya mtu. Hukuitafuta."

Nilimuuliza kama dawa zitaifukuza. Hapo nilijua ninaongea na mtu wa kweli, maana hakuniahidi mema matupu. Aliniambia sauti haitaisha kesho, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Aliniambia nitasinzia, mdomo utakauka, huenda nitapata njaa isiyoisha. Shingo ikikaza au miguu ikikataa kutulia, nimwambie mara moja ili daktari abadilishe dawa, nisiziache kimyakimya. Nilizipenda habari hizo mbaya. Mtu anayetaka kukuwekea sumu hakwambii kwamba mdomo utakauka.

Nikamshika mkono, nikampeleka hadi kitandani, nikapasua mshono wa godoro. Vidonge vikamwagika. Nyawira akaangalia dari kana kwamba hajui lolote. Sista hakunigombeza. Alivikusanya akaenda kumwambia daktari, kwa sababu ilikuwa lazima ajue kwamba dawa alizodhani zimeshindwa hazijawahi kumezwa. Jioni alileta kikombe kile kidogo. Nilimeza, na kidonge kikashuka hadi tumboni.

Wazazi walinikuta baadaye. Baba hakujua aanzie wapi. Mwishowe akasema, "Nilikosea njia ya kukuambia. Nisamehe." Ni mtu mgumu baba yangu, na nilijua neno hilo limempa kazi kubwa kulitoa. Nikampigia saluti.

Usifikiri nilipona siku hiyo. Nilibaki nimechanganyikiwa kwa muda. Kuna siku nilimwamini Sista asubuhi, na mchana nikamshuku tena. Lakini nilimeza dawa. Nililala hadi mate yakanitoka, Nyawira akanitania. Miguu ilipoanza kukataa kutulia, nilisema, na daktari akabadilisha dawa. Sauti haikukatika kwa ghafla. Ilipungua, kama redio ya jirani ambayo mtu anaipunguza polepole, mpaka siku moja nikagundua nimekula chakula chote bila kusemwa.

Tulikuwa na kazi pia. Tulipalilia sukuma wiki, tulitunga shanga, na mwalimu alikuja ili tusisahau masomo. Tulikaa duara na mshauri, kila mmoja akisema anachoweza. Hapo nilijifunza kuzitambua dalili zangu. Usingizi ukinikimbia, na nikianza kudhani watu wananicheka, nimwambie mama siku hiyo hiyo. Nisingoje mpaka barabarani.

Wazazi nao waliitwa kufundishwa. Waliambiwa dawa nisiziache nikijisikia nimepona, bali daktari ndiye atakayesema. Waliambiwa nilale mapema, nikae mbali na pombe na bangi, na kliniki naweza kuendelea nayo Nyeri karibu na nyumbani. Mama aliuliza kama ni lazima tuache maombi. Mshauri akasema, ombeni, na ameze dawa, hakuna ugomvi kati ya hizo mbili. Baba naye aliuliza swali lake la kipolisi. Ni nani aliyesababisha?

"Afande, hapa hakuna mshukiwa," mshauri akamjibu.

Siku ya kuondoka nilimkumbatia Nyawira. Alinionya nisilishe godoro la nyumbani. Safari hii nilijua ninakokwenda, na baba alinitajia kila mji kabla hatujaufikia, ingawa naijua barabara hiyo. Nilimwacha aseme. Tulipofika Karatina, mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Sikuuona, lakini sikuwa na wasiwasi nao.

Usumbufu uliobaki ulikuwa wa majirani. Njiani mama alikuwa amepanga maneno. Tungesema ni homa ya matumbo. Ugonjwa wenye heshima, alisema, kila mtu amewahi kuwa nao. Sikubisha. Nilikuwa bado nayakumbuka maneno ya Mama Wambugu, hiyo jina haitoki, na niliogopa kurudi shuleni nikiitwa mwendawazimu maisha yangu yote.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi. Mama Wambugu akafika getini na mtungi wake. Mimi ndiye niliyebeba sufuria, mama akanifuata. Mama Wambugu aliponiona, uso wake ulichangamka kweli kweli.

"Mami, umerudi! Mimi nilikutafuta huko Mathari na uji mpaka ikapoa. Niliingia kwa watoto, nikaingia kwa wamama, ati hata kwa wale wamejifungua. Kwani walikuwa wamekuweka wapi?"

Alianza kumimina maziwa. Mama akasema, "Ilikuwa homa ya..." Kisha akanitazama.

Sauti haikuwepo. Nilikuwa mimi peke yangu, na neno lilikuwa langu kulisema au kulimeza.

"Mama Wambugu, sikuwa Mathari hii," nikasema. "Nilikuwa ile ya Nairobi."

Aliendelea kumimina. Maziwa yalijaa sufuria, yakafurika, yakamwagika kwenye viatu vyangu. Ndipo akaushusha mtungi chini. Nilingoja aseme pole haraka haraka na kupita, kama wale wengine. Hakwenda. Alitazama barabara upande huu na ule, kisha akasogea karibu.

"Na huko, walikufunga?"

"Hapana. Walinipa kitanda na dawa, na watu wa kuongea nao."

"Na hiyo kitu ulikuwa unasikia?"

"Imenyamaza. Nameza dawa kila siku, na nalala."

Aligeuka akaitazama nyumba yake ng'ambo ya ua. Chumba cha nyuma kina dirisha moja, na dirisha hilo limezibwa kwa gunia miaka kadhaa sasa. Tulidhani ni stoo.

"Wambugu hakuenda Nanyuki," alisema.

Mama akaweka mkono mdomoni. Kisha Mama Wambugu akaanza kulia bila kelele, akituambia jinsi mwanawe alivyoanza kuongea na ukuta, jinsi alivyomfungia ili watu wasijue, na jinsi anavyompelekea chakula akihakikisha kwamba hakuna anayepita. Baba alikuwa ametoka na kikombe chake. Nilifikiri atauliza maswali. Aliweka kikombe kwenye ukuta wa geti, akasema leo hayuko zamu, na kwamba safari huanzia kwa daktari wa hapa mjini, yule aliyeniona mimi. Atawapeleka.

"Na nitamwambia tunaenda wapi?" Mama Wambugu akauliza. "Akijua si atakataa? Nimwambie tu tunaenda kwa shangazi yake."

Alimuuliza baba. Baba akanigeukia mimi.

"Mwambie ukweli," nikasema. "Hata akikataa, mwambie. Mwambie mahali penyewe na jina lake. Mimi nitakuja nikae naye kwa gari."

Mama Wambugu alijifuta uso kwa aproni, akaenda. Aliuacha mtungi wake kwetu. Tulimwona akizunguka nyuma ya nyumba, tukaona gunia likianguka kutoka dirishani. Kisha tukasikia kufuli ikifunguliwa, na sauti yake ikimwita mwanawe, si kwa kunong'ona, mlango ukiwa wazi.

"Wambugu. Vaa sweta. Tunaenda hospitali, kwa daktari wa akili. Ni mimi nakuambia."